Nina kamera ya mtumba na watu wanasifia picha zangu, naanzaje kupata hela (na jina kidogo)?

mwl_kondoa:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Kondoa, mwaka jana nilinunua Canon 700D ya mtumba pale Kariakoo kwa laki tano na nusu, na ile lenzi yake ndogo ya 18-55, jamaa akaniapia kwa mama yake kwamba shata (yaani picha ilizokwisha piga) haijafika hata elfu ishirini, sasa mimi nitajuaje. Tangu hapo kila siku ya mnada niko mnadani napiga ng'ombe, napiga wauza viatu, napiga wazee wa Kirangi wanabishana bei ya mbuzi. Nikiweka kwenye statasi ya WhatsApp ni sifa tupu, mwalimu we ni noma, mwalimu hizi ungepeleka Ulaya saa hizi uko mbali, ila wakuu tangu nianze hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa hata buku.

Kilichonifanya niandike ni wiki iliyopita. Nimepiga harusi ya mtoto wa mwenzangu kazini, picha kama mia nne, nikakesha siku mbili naziediti, mwisho wa yote naambiwa ahsante mwalimu Mungu akuzidishie, zitupie zote kwenye grupu. Nikatupia. Kesho yake naona mpambaji wa ukumbi ameposti ile picha kali kuliko zote na kabandika logo yake juu ya kichwa cha bwana harusi! Nikamwandikia kistaarabu, akanijibu "kwani wewe ndo ulipamba?"

Sasa naomba kujua kwa wazoefu, naanzia wapi? Bei napangaje? Na zile tovuti za kuuzia picha nje zinalipa kweli au ni hadithi? Mashindano je? Sitaki kuacha kazi, nataka tu kamera ijilipe na jina langu lijulikane hata wilayani.

jero_jero:

Uza kamera ununue alizeti mwalimu, ikipanda bei utakuja kunishukuru hapa hapa 😂

Mangi_wa_Picha:

Mwalimu pole, wote tumepitia hapo, usimsikilize huyo wa alizeti.

Kosa lako sio kupiga bure, kosa ni kutoa kwa njia ya WhatsApp. Kwanza WhatsApp inaikamua picha inabaki maganda, pili mtu akishaipata kwenye simu kwake hiyo ni hewa, hakuna mchaga wala mrangi atakayelipia hewa. Mpe karatasi uone.

Mi nilianza 2013 na Nikon D3200, tena nilianza kwa kilio, nikajinyima nikanunua lenzi ya 50mm ile yenye herufi D, nafika nyumbani nabonyeza haivuti fokasi, nazungusha weee, kumbe hizo bodi ndogo za Nikon hazina mota ya fokasi ndani, ilitakiwa ile yenye G. Mwaka mzima nimepiga kwa kuzungusha mkono. Wewe wa Canon huna shida hiyo, ukipata hela ya kwanza usinunue kamera nyingine, nunua 50mm f/1.8 STM, kwenye bodi yako inavuta kama 80mm hivi, sura ya mtu inatoka safi na nyuma kunafifia, na ukumbini gizani inakubeba.

Hela yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kipaimara. Nilienda kwa katekista wiki mbili kabla, nikamwambia naomba nikae mlangoni tu, sitasumbua altareni. Watoto kama sitini. Kila mtoto anapotoka namsimamisha sekunde kumi na wazazi wake, naandika namba kwenye daftari. Ibada imeisha saa tano, mdogo wangu anachukua memori kadi mbio na boda mpaka studio ya kusafisha picha, saa nane watu wako kwenye pilau mimi naingia na bahasha. Studio walinitoza elfu moja kwa picha kubwa, nikauza elfu tatu. Watoto 47 walinunuliwa zao siku ile ile, na hapo sijahesabu mashangazi, shangazi akiona mwenzake kashika na yeye anataka. Zilizobaki ilikuwa hasara yangu, ingawa mbili zilinunuliwa baada ya mwezi kupitia kwa katekista huyo huyo. Siku hiyo hiyo nikapewa oda mbili za harusi, kwa sababu nyuma ya kila picha niligonga muhuri wenye jina na namba ya simu. Muhuri wa elfu kumi na tano! Hiyo ndo tangazo langu mpaka leo.

Kitu kimoja cha ufundi ambacho hakuna aliyeniambia: watoto wa kipaimara au bibi harusi wakivaa nyeupe, kamera inadanganyika inadhani kuna mwanga mwingi, inapunguza, sura zinatoka giza kama wamepigwa usiku. Sogeza ule mshale wa jumlisha na kutoa uende kwenye +1, pima kwa sura usipime kwa gauni, ila chungulia gauni lisiungue likawa karatasi tupu. Halafu flashi, tafuta hata ya mtumba, ielekeze darini kama dari ni jeupe na liko chini, usimpige mtu usoni anang'aa kama sufuria jipya. Kanisa la bati refu hiyo haifanyi kazi, tafuta dirisha.

Bei sitakupangia, ila chukua nusu kabla. Asiyetoa advansi siku ya harusi atakuwa na shemeji yake mwenye simu ya macho matatu. Na jua misimu, Kwaresima na Ramadhani harusi zinakauka kabisa, tunza hela ya kula. Huku kwetu mwezi wa 12 Wachaga wote wamerudi nyumbani ndo tunalipa ada za watoto.

mwl_kondoa:

Mkuu Mangi ubarikiwe sana, hapo kwenye muhuri umenifungua. Ila huku kwetu Waislamu ndo wengi, kipaimara ni chache, kuna nikah, maulidi, na madrasa wakihitimu. Tatizo jingine harusi zetu upande wa kina mama mimi mwanaume sisogei hata mlangoni, na huko ndo kuna mapambo yote na bibi harusi mwenyewe. Nabaki na wazee wenye kanzu na shehe. Picha nzuri ila anayelipia picha ni mama sio mzee.

Bint_Tanga:

Mwalimu umesema kweli tupu, anayelipia ni mama 😄

Mimi napiga upande wa wanawake tu, Tanga mjini, nina mwaka wa sita. Singo, kupaka hina, siku ya ndani, mume wa mtu haingii huko na wala simu hairuhusiwi, kwenye shughuli nyingine wanaweka kapu mlangoni kila mtu anaacha simu yake. Kwahiyo humo ndani nina kamera peke yangu. Unaweza ukadhani ni bahati ila ni amana, siku moja tu picha ya mtoto wa mtu bila mtandio ikivuja nimekwisha, siyo mimi tu hata mdogo wangu hataolewa vizuri mtaa huu. Mwanzo niliajiri kijana aniediti, mama mmoja akauliza nani anaziona hizi, nikakosa jibu. Tangu hapo naediti mwenyewe, nakabidhi albamu na flashi ya kompyuta yenye picha mkononi kwa bibi harusi au mama yake, nikishakabidhi nasubiri wiki mbili nafuta mbele yao kama wakitaka.

Sasa utaniuliza jina nimelipataje kama siposti. Naposti mikono. Mikono yenye hina, miguu kwenye mkeka, kiganja kimeshika udi, hakuna sura hata moja. Mpaka watu wa Mombasa na Unguja wananipigia, wanasema tumeona mikono yako. Kuna picha moja ya bibi anampaka hina mjukuu, mkono wa bibi umekunjamana na una pete ya fedha, ule wa mtoto mdogo una doa la chokoleti, hiyo imeniletea kazi kuliko picha zote nilizowahi kupiga na niliipiga wakati nasubiri umeme urudi.

Kwahiyo mwalimu, huna dada, mke, mwalimu mwenzako wa kike? Mfundishe. Wewe shika upande wa shehe yeye ashike ndani, mnauza kama kitu kimoja. Wilaya nzima hiyo hamtakuwa na mpinzani. Na tafadhali mlipe, usije ukamwambia Mungu akuzidishie.

Mtumwa_wa_Pikseli:

Nijibu la tovuti maana hapo ndo naishi.

Zinalipa ila sio kama Youtube wanavyokudanganya. Shutterstock unaanza ukilipwa asilimia 15 ya mauzo, unapanda ngazi kadri picha zinavyopakuliwa, na kila tarehe 1 Januari wanakurudisha chini kabisa unaanza upya kama darasa la kwanza. Kuna picha inauzwa unapata senti 10 za dola, senti kumi! Adobe Stock wako vizuri zaidi, asilimia 33 kwa picha. Malipo yanakuja kwa Payoneer, huduma ya mtandaoni ya kupokea hela za nje. Mimi nilikaa miezi mitano na picha 300 ndo nikagusa kiwango cha kutoa hela, kwahiyo ukiwa na haraka ya ada ya mtoto nenda kwenye kipaimara cha Mangi.

Kinachouzika sio machweo. Machweo ya jua yako mamilioni. Vinavyouzika ni vitu vya kawaida ambavyo mzungu hana: fundi simu, mama anapima mchele na kopo, wakala wa pesa kwenye kibanda, mkulima wa alizeti anaangalia simu yake. Ila sura ikionekana lazima mtu asaini fomu ya ridhaa, mtoto anasainiwa na mzazi, bila hiyo picha inaingia upande wa habari tu na haiwezi kutumika kwenye tangazo. Kwahiyo wale wazee wa mnadani, tembea na fomu kumi kwenye begi. Usimdanganye mtu, mweleze kabisa kwamba sura yake inaweza kutokea kwenye tangazo asilolijua, wengine watakataa na ni haki yao.

Jina sasa. Kuna mashindano ya picha yanaitwa Wiki Loves Africa, yanafanyika tangu 2014, kila awamu na mada yake, walianza na chakula, 2015 ikawa mavazi na mapambo, 2016 muziki na ngoma, 2017 watu kazini. Kushiriki ni bure, huhitaji kuwa profesheno, na kuna zawadi za hela. Sharti lake picha unaiweka kwa leseni huru, yaani yeyote anaweza kuitumia hata kwa biashara mradi akutaje jina. Mimi picha zangu zimetumika na magazeti ya nje, jina langu liko pale chini, nikiomba kazi naonyesha hizo. Na wewe uko Kondoa mwalimu! Una michoro ya miambani ya Kolo hapo karibu, iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, wangapi wamepiga ile michoro vizuri? Ukienda ingia kwa utaratibu, lipa kiingilio, uliza kibali kama ni ya kuuza, na usimwagie mwamba maji ili rangi ionekane kama walivyokuwa wanafanya watu zamani, unaharibu.

La mpambaji wako: sheria ya hakimiliki ya 1999 inakulinda tangu ulipobonyeza, hata hujasajili popote, na COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, wapo unaweza kupeleka malalamiko. Ila kwa logo moja ya mpambaji mi ningemwambia weka jina langu na nipe namba za wateja wako watatu, yaishe. Tunza faili halisi za RAW, zile ghafi zinazotoka kwenye kamera, yeye hana hizo, ukibishana ndo ushahidi.

Mzee_Negativu:

Vijana mnaongea vizuri ila hili la kugawa picha bure kwa leseni huru mimi silikubali. Bure bure ndiyo iliyotuua. Nimepiga picha tangu enzi za filamu, picha 36 na ukipoteza moja unaiona tumboni. Mtu alikuwa haombi picha bure kwa sababu aliona gharama.

Nendeni Unguja, Mji Mkongwe, kuna Capital Art Studio, Ranchhod Oza aliifungua 1930 na mwanawe Rohit akaendelea nayo. Watalii wakawa wanaingia pale kununua picha za Zanzibar ya zamani, masultani, majahazi, mitaa, watu waliokwishakufa. Kwa nini ziliuzika? Negativu zilitunzwa. Tarehe na majina yaliandikwa. Ninyi mna picha elfu kumi kwenye simu na hamjui yule mzee wa mnadani anaitwa nani.

Mohamed Amin, yule aliyepiga njaa ya Ethiopia 1984 dunia nzima ikalia, ameanza Dar es Salaam hapa hapa, mtoto wa shule na kamera ya Box Brownie. Camerapix yake aliifungua Dar 1963 akiwa kijana mdogo. Na Michuzi wetu huyu, alikuwa mpiga picha wa Daily News, akafungua blogu 2005, watu walioko nje wakawa hawalali bila kuona nyumbani. Wote hao walitoka kila siku, mvua jua. Mwalimu wewe una mnada. Piga mnada huo huo miaka mitatu, mnada mmoja, andika majina ya watu, tarehe, bei ya ng'ombe siku hiyo. Halafu ndiyo uulize habari za jina.

Mtumwa_wa_Pikseli:

Mzee heshima yako, ila sijasema agawe zote. Nimesema tano kati ya mia. Zile tano ndo barua yako ya maombi ya kazi, siku hizi hakuna anayekuja studio kuangalia ukutani.

Mzee_Negativu:

Tano sawa. Si kumi.

Mangi_wa_Picha:

😂😂 mzee kakubali. Nimesahau jambo, mwalimu tembea na memori kadi mbili tatu ndogo, usiweke harusi nzima kwenye kadi moja ya GB 64. Mimi niliuziwa kadi feki, katikati ya send-off ikaandika eti haijafomatiwa. Nilitoka jasho mpaka kwenye soksi. Kilichoniokoa sikupiga tena hata picha moja juu yake, nikaitoa nikaweka nyingine, usiku nikaipitisha kwenye PhotoRec, programu ya kurudisha picha zilizopotea, ni ya bure, ikarudisha zote kasoro za keki. Keki nikamwomba bibi harusi akate upya na keki nyingine wiki iliyofuata, akakubali, bahati alikuwa mcheshi. Na chukua TIN, ile namba ya mlipa kodi ya TRA, ni bure, ofisi na mashirika bila TIN na risiti hawakupi kazi, na ukilipwa watakata asilimia 5 juu kwa juu, iweke kwenye bei kabisa.

mwl_kondoa:

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani kwa kupotea, ilikuwa mahafali ya darasa la saba hapa shuleni.

Nilimuomba mwalimu mkuu kwanza maana ni watoto wangu mwenyewe nisije nikaonekana nawauzia kwa nguvu, akakubali kwa sharti kwamba asiye na hela apigwe tu na asitajwe. Picha sina pa kusafisha ninapopaamini karibu na hapa, nazituma Dodoma kwa flashi na basi la asubuhi, bahasha inarudi kesho yake, kwahiyo mambo ya kuuza kwenye pilau kwangu hayawezekani. Nikafanya hivi, wiki moja kabla nikasafisha picha moja kubwa ya mtoto mmoja na mama yake, nikaibandika mlangoni mwa ofisi na daftari la kujiandikisha, elfu tatu, unalipa kabla. Watoto 71, waliolipa 38. Nikitoa studio na nauli ya bahasha nimebaki na elfu sitini na kitu. Muhuri nimegonga. Kutoka kwenye muhuri nimeshapigiwa na madrasa moja, na Mwalimu Halima ameanza kujifunza kamera kwa ajili ya upande wa ndani, jana amepiga picha hamsini zote za kuku wake ila fokasi ipo.

Mpambaji ameweka jina langu. Namba za wateja amenipa moja, na huyo hapokei.

Mzee Negativu, daftari la mnada nimeanza. Mzee wa kwanza nimemuuliza jina akaniuliza wewe ni wa TRA?

Sasa swali langu la leo. Siku ya mahafali amekuja bibi mmoja na kanga mpya, mjukuu wake wala hayupo kwenye daftari, akasema yeye hataki picha ya mjukuu anataka yake mwenyewe, kubwa, ya ukutani, maana aliyonayo ni ile ya kitambulisho na amenuna. Nimempiga dirishani kama alivyosema Mangi, ameangalia pembeni hivi, hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia watoto wanacheza. Ndo picha yangu bora tangu ninunue kamera. Jana nimempelekea ikiwa kwenye fremu, ameishika akaifuta kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaingia ndani akatoka na jogoo. Nimejaribu kukataa ikashindikana. Sasa jogoo naandikaje kwenye daftari la mapato?

Bint_Tanga:

Mwombe fomu ya ridhaa mwalimu, hiyo picha itume kwenye mashindano. Jogoo mchinje.

jero_jero:

Andika advansi. Salio kuku jike.